Mwalimu wa Saa Nane Mchana

Neno lililomshtua Zuwena lilikuwa dogo, tena lilisemwa kwa adabu, asubuhi ya Jumatano, watu wakiwa mkekani wanakunywa chai.

"Mama, hawa samaki waliobaki tuwatundike kwenye susu," alisema Hawa, "paka asije akawafikia."

Zuwena alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika na chai ikamchoma kidole.

"Susu ndiyo nini?" aliuliza Samia, binti yake.

Swali hilo ndilo lililomtia baridi. Samia alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amezaliwa na kukulia Kilwa Kivinje, ndani ya nyumba hiyohiyo, wala hajapata kulisikia neno hilo. Susu, kile kikapu cha kamba kilichokuwa kikining'inizwa darini kuhifadhia vyakula, kiliondoka na wazee. Zuwena mwenyewe alikiona mara ya mwisho enzi za mama mkwe wake, kabla mumewe Yasini, ambaye kazi yake ni kutengeneza majokofu ya wauza samaki, hajaleta jokofu la kwanza nyumbani. Na huyu aliyelitamka alikuwa mgeni kutoka Korea, mwenye wiki tano tu Kivinje.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi."

"Bibi yupi, mwanangu?"

"Bibi wa chumbani kwangu." Hawa alipuliza chai yake. "Huja saa nane, nyinyi mkiwa mmelala. Mwalimu mzuri sana. Hachoki."

Samia alicheka, akidhani ni utani. Zuwena alichukua kitambaa akafuta mkeka, akarudia kuufuta pale palipokuwa pameshakauka.

Jina hasa la mgeni lilikuwa Hae-won, lakini majirani lilikuwa limewashinda tangu siku ya kwanza, wakaligeuza Hawa, naye akalipenda. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anasoma Kiswahili katika chuo cha kwao, na alikuwa ametumwa akae miezi minne na familia ya pwani, ale wanachokula, aseme wanavyosema. Mwalimu Anthony wa Dar es Salaam, anayewatafutia wanafunzi wa namna hiyo nyumba za kukaa, alimleta mwenyewe kwa gari. Wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. "Ningependa kufahamu iwapo ninaweza kupata maji ya kuoga," alimwambia Zuwena jioni ya kwanza, na Samia akakimbilia jikoni kwenda kucheka.

Kesho yake asubuhi mama yake Hawa alipiga simu ya video. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, amevaa aproni ya kazi, akazungumza muda mrefu huku akimwangalia Zuwena badala ya kumwangalia binti yake. Hawa alitafsiri taratibu. "Mama anasema, mimi ni mtoto wake wa pekee. Anaomba uniangalie."

Zuwena aliweka mkono kifuani. "Mwambie asiwe na wasiwasi. Huku wewe ni wangu."

Alisema hivyo huku akijua amemlaza wapi.

Nyumba ile ni ya mawe, imejengwa na babu wa babu yake Yasini, kuta zake nene kiasi kwamba ukizungumza chumba hiki hausikiki kile. Ina vyumba vitatu vya kulala. Cha tatu, kile cha nyuma kinachotazama ua, ndicho kikubwa na ndicho chenye ubaridi mzuri wakati wa joto, na kilikuwa kimefungwa kwa miaka kumi na mitano. Bi Adija, mama mkwe, alikuwa akikifukizia udi kila Alhamisi na kumwagia marashi kizingitini. Kabla hajafa alimwita Zuwena, akamwambia: "Mwenye chumba hana ubaya. Ila asilale humo mtu mpweke." Yasini, ambaye hakupenda mambo ya kufukiza, alimzika mama yake na desturi ile akaizika siku hiyohiyo.

Samia alikuwa na miaka sita wakati huo. Alizoea kwenda kulala mchana katika kitanda cha marehemu bibi yake, humo chumba cha nyuma, na haikuchukua muda akaanza kusema maneno ya kizee, watu wakimcheka na kumpa peremende. Zuwena naye alicheka. Yeye ni Mmatumbi wa Kipatimu, huko milimani, na kila likizo alikuwa akimpeleka mtoto kwa mama yake, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Samia alikuwa akipiga Kimatumbi na bibi yake kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Mwaka ule walipofika, bibi alimwita kwa furaha, akamsemesha, na mtoto akajificha nyuma ya mama yake. "Bibi anasema nini?" aliuliza. Mpaka leo Samia hana hata neno moja la Kimatumbi. Hata akifundishwa halikai.

Waliporudi Kivinje, Yasini alipiga kufuli chumba cha nyuma, na habari hiyo haikuzungumzwa tena. Miaka ikapita. Mwalimu Anthony alipokuja kuikagua nyumba, akasema mgeni lazima awe na chumba chake mwenyewe, chenye mlango unaofungika. Yasini aliondoa kufuli, akapaka rangi, akatundika feni. Zuwena alitandika kitanda. Hakusema kitu. Alijiambia kuwa kitu kilichonyamaza miaka kumi na mitano kimeshakwenda zake, na kwamba binti aliyesoma vile, mwenye vitabu na kompyuta, si mtoto wa miaka sita.

Mchana wa Jumatano hiyo hakulala. Baada ya chakula alisubiri mpaka Yasini amerudi kwenye karakana yake na Samia amejifunika kanga usoni, akavua ndala, akaenda kusimama nje ya mlango wa nyuma. Jua lilikuwa kali, ua mweupe, kuku wamejibanza chini ya karo. Alisimama hapo akasikia harufu kwanza: harufu ya chokaa mbichi inapomwagiwa maji, kana kwamba ukuta ule umejengwa jana. Kisha akasikia viatu vya mbao vikitembea sakafuni, polepole, ko, ko, ko, vikasimama.

"Kwenu hiki wakiitaje?" iliuliza sauti ya mwanamke mzee.

"Mul," ilijibu sauti ya Hawa.

"Mul," ilisema ile sauti. "Mul. Mul." Ililirudia kama mtu anayeonja mchuzi, mpaka likatoka sawasawa. Kisha ikauliza tena, kwa upole uleule: "Haya. Kwenu hiki wakiitaje?"

Zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Sijui, bibi," alisema Hawa.

"Maji," ilisema sauti. "Sema, maji."

"Maji."

Zuwena alisukuma mlango. Hawa alikuwa ameketi sakafuni peke yake, ameelekea pembeni, kikombe cha maji mbele yake na daftari mapajani. Hakushtuka. "Mama, umenikatiza," alisema, kwa lafudhi ya Bi Adija kabisa.

Zuwena alilichukua daftari. Kurasa za mwanzo zilikuwa na safu mbili, Kiswahili kushoto na yale maandishi ya kwao kulia, mazuri kama yaliyotariziwa. Kadiri alivyofunua ndivyo safu ya kulia ilivyokuwa ikipungua, mstari huu upo, huu haupo. Kurasa nne za mwisho zilikuwa za Kiswahili peke yake.

Siku hiyo godoro la Hawa lilihamishiwa chumbani kwa Samia, chumba cha nyuma kikapigwa kufuli tena, na Zuwena akamfuata mumewe karakana.

"Mama Samia, usianze," alisema Yasini bila kuinua kichwa kutoka kwenye jokofu alilokuwa amelifungua. "Mtoto ana akili, anashika maneno. Ndicho kilichomleta."

"Anashika ya kwetu. Ya kwao yanakwenda wapi?"

"Amechoka. Mpumzishe."

"Baba Samia, mimi na wewe tulikuwepo Kipatimu."

Yasini aliweka bisibisi chini. Akaichukua tena. "Nitasoma dua," alisema.

Kesho yake, saa tano asubuhi, simu ya Hawa iliita. Alikuwa uani anachambua mchele na Samia. Aliitazama ile picha ya mwanamke mwenye miwani, akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyekutana na mgeni njiani, akaipokea. Mwanamke alizungumza. Akanyamaza akingoja kujibiwa, akazungumza tena, sasa kwa haraka, uso akiusogeza karibu.

Hawa alimgeukia Zuwena, akashusha sauti ili yule wa kwenye simu asisikie, asije akaona haya.

"Mama," alinong'ona, "huyu mwanamke anataka nini?"

Samia alikimbilia ndani akiwa ameziba mdomo. Zuwena aliichukua simu. Yule mama wa Korea alimwona, akaanza kulia, akawa anarudia neno moja tu, omma, omma, akijipiga kifuani kwa kidole, na Zuwena hakuhitaji mkalimani kulielewa. Naye alikuwa na maneno ya kumjibu, lakini hayakuwa maneno ambayo yule angeyaelewa, kwa hiyo aliweka mkono kifuani kama siku ile ya kwanza, akauacha hapo, mpaka mtandao ukakatika.

Hospitali walimpima malaria, wakampima damu, wakamwangalia macho. Hakuna kitu. Zuwena alimpigia Mwalimu Anthony, akamweleza kuwa mtoto haelewi lugha ya mama yake. Mwalimu alisema kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo za gari: "Jumamosi mchana niko hapo. Nitamchukua moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege, akatibiwe kwao. Mfungieni mizigo."

Zuwena alipokata simu aliona Hawa amesimama nyuma yake.

"Jumamosi," alisema Hawa kwa furaha. "Bibi atafurahi."

Sokoni Kivinje kulikuwa na mwanamke anayeitwa Tawakali, wa miaka arobaini na kitu, anauza mitumba. Uganga alikuwa ameurithi kwa shangazi yake, na hakuupenda. Waliokuja kumtafuta aliwaambia siku hizi yeye anaanika magauni. Zuwena alimwambia habari yote akiwa amesimama katikati ya suruali zilizotundikwa, kwa sauti ya chini, na Tawakali aliendelea kukunja nguo mpaka aliposikia habari ya Jumamosi. Hapo aliacha.

"Bibi kasema atafurahi?"

"Hawa ndiye aliyesema."

Tawakali alikaa juu ya robota. "Sikia, dada Zuwena. Hao si wa kuua. Huyo wenu shangazi yangu alikuwa akimjua, alikuwa akiletewa udi wake, akisalimiwa, mambo yanakwisha. Shida yake ni moja: hana wa kuzungumza naye. Mmemfungia kama gunia la mkaa. Sasa anataka kuhama, na mwenye asili hiyo hawezi kuhama mtupu. Lazima awe na lugha ya huko aendako, yote, mpaka ile aliyonyonya mtu kwenye ziwa la mama. Anapoimaliza kwa binti, ndani ya binti panabaki nafasi, na hapo ndipo atakaposafiria."

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Jumamosi Mwalimu atapakia mtu mmoja, na watasafiri wawili. Na kule kuna mama anangoja kufungua mlango."

Usiku ule Yasini alisoma Ayatul Kursiyu nje ya mlango uliofungwa. Alipofika katikati alijikwaa, kwa hofu, akaruka neno. Kutoka ndani, nyuma ya kufuli, sauti ilimkumbusha neno lile, kwa tajwidi safi kuliko yake, ikangoja aendelee. Hakuendelea. Alikuja kukaa kitandani karibu na mkewe, akasema: "Mwite huyo Tawakali."

Walikutana Ijumaa, baada ya swala, saa nane kasorobo. Samia alipelekwa kwa jirani. Yasini alisimama mlangoni. Tawakali aliingia na chetezo, chupa ya marashi na kanga mpya, akaweka udi juu ya kaa, akamketisha Hawa katikati ya sakafu, Zuwena mbele yake magoti kwa magoti. Hawa alikuwa mtulivu. Alimuuliza Zuwena kama leo kuna masomo.

Moshi ulipojaa, ile harufu ya chokaa mbichi ilikuja na kuupita moshi, ikaukalia. Viatu vya mbao vilianza kutembea. Vilimzunguka Yasini mlangoni, vikamwacha, vikamzunguka Tawakali, kisha vikaja vikasimama nyuma ya mgongo wa Hawa, na Zuwena, aliyekuwa akiutazama uso wa binti, aliona macho yakitulia kama ya mtu aliyekaa kitako baada ya safari ndefu.

"Leo mmekuja wengi," Hawa alisema. Sauti haikuwa yake. "Miaka kumi na mitano hakuna aliyegonga."

"Tunakusalimu, bibi," alisema Tawakali. "Tumekosa, tunakubali. Tumekuja kuomba."

"Ombeni."

"Binti huyu ana mama yake. Mrudishie maneno yake."

"Sikumwibia. Nimempa langu, akanipa lake. Neno kwa neno, mchana baada ya mchana. Hata wewe huko sokoni huuzi hivyo?"

"Yamebaki mangapi?"

"Machache. Ya utotoni. Kesho asubuhi tutayamaliza, na gari linakuja mchana." Sauti ililainika. "Mimi nimechoka na nyumba hii. Walionijua wote nimewasikia wakitolewa kwa jeneza. Hawa waliobaki wanapita mlangoni kama wapitao choo. Nataka mahali nikisema, mtu anijibu."

"Na ukimrudishia?"

"Nikimrudishia nitakaa. Nitakaa humu, na chumba cha pili kuna binti mwingine niliyemwachia nusu."

Yasini alitoa sauti mlangoni, si neno. Tawakali hakugeuka.

"Nina lugha nyingine mimi," alisema Zuwena.

Tawakali alimkamata mkono. "Dada. Mama yako yu hai."

"Najua."

"Halitarudi hata neno moja. Umeona kwa Samia."

"Mimi ndiye niliyemtandikia kitanda," alisema Zuwena. "Nilijua, na nikatandika." Akamtazama yule aliyekuwa nyuma ya macho ya Hawa. "Bibi, mimi si wa hapa. Mimi ni wa Kipatimu. Lugha yangu ni kubwa, si ya kitoto kama uliyoichukua kwa Samia, ina milima na mashamba na mambo mengi. Mrudishie huyu ya kwao, uchukue yangu yote. Uondoke."

Kaa lilipasuka chetezoni.

"Sema," ilisema sauti. "Nakusikiliza."

Basi Zuwena alianza. Alianza na maji, kisha moto, kisha mtama na mhogo na mpunga wa mlimani, na kila alilolisema sauti ililirudia mara mbili, mara tatu, kwa uangalifu, na kila liliporudiwa likatoka kichwani mwake kama mtu anavyotoka chumbani na kuzima taa, asijue tena kulikuwa na nini mle. Akasema majina ya ndege wanaokula shambani na maneno ya kuwafukuzia, akasema alivyokuwa akigombezwa akichelewa kisimani, akasema matusi ya kaka zake na wimbo wa kutwangia ambao katikati yake aliona anaimba mlio tu usio na maana, akaendelea kuuimba hivyohivyo mpaka mwisho, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Akasema maneno aliyoambiwa alipovunja ungo, na maneno ambayo baba yake alimwambia alipokuwa akishuka kwenda kuolewa pwani, ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata Yasini. Na kadiri alivyosema ndivyo midomo ya Hawa ilivyoanza kutetemeka, nusu ya uso ikisikiliza na nusu nyingine ikinong'ona kitu chake, kitu cha mbali, kidogo kidogo, mpaka Zuwena akabakiwa na neno moja tu, jina la nyumbani alilopewa na mama yake na ambalo hakuna mwingine duniani aliyemwita nalo, akalishika, akaona hawezi, na sauti ikamngoja bila haraka, viatu vikigonga sakafu mara moja, ko, kama kidole juu ya meza.

Alilisema.

Hawa alianguka mbele, kichwa kikatua mapajani mwa Zuwena. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, na alilolia lilikuwa lilelile, omma, omma. Tawakali alimfunika kanga. Viatu vya mbao vilipita karibu na Yasini, vikavuka kizingiti, vikaenda uani kwenye jua, na kuku wakaruka. Havikusikika tena. Hakuna aliyeuliza vinakwenda wapi.

Mwalimu Anthony alipofika Jumamosi alimkuta Hawa ameegemea ukuta barazani, saa ya pili sasa anazungumza na mama yake kwa simu, anacheka na kujifuta kamasi. Kiswahili chake kilikuwa kimerudi nyuma, maneno anayatafuta juu angani. Aliamua kwenda kwao. "Ninashukuru kwa ukarimu ambao mlinipatia," alimwambia Zuwena, na Zuwena akamkumbatia kwa nguvu. Mwalimu Anthony aliona haya, akasema kwa pembeni kuwa pengine ulikuwa msongo wa masomo. Yasini alibeba sanduku mpaka garini.

Nyumba ilitulia. Chumba cha nyuma kilikuwa chumba, basi, kina joto kama vyumba vingine. Samia alilala humo mchana mara mbili bila kuambiwa, akaamka na jasho na njaa.

Zuwena ndiye aliyebadilika. Kaka yake Idd alipopiga simu kutoka Kipatimu, Zuwena alisikia sauti ya mtu anayempenda ikitoa milio. "Sema Kiswahili," alimwambia. Idd alidhani kuna wageni. Mara ya pili alimuuliza kama amekuwa Mswahili ukubwani, na Zuwena akamwambia aliumwa, maneno yakampotea. Zuwena aliahirisha safari, akasingizia mvua, akasingizia barabara. Lakini mama yake alikuwa amezeeka, na mwezi wa pili haukuisha kabla hajafunga mzigo. Njiani, gari likipanda na kuteleza kwenye tope jekundu, alijiambia kuwa ataketi naye tu, atamshika mkono. Na kwamba kitu kimoja atamwomba Idd amtafsirie, amwombe mama amwite jina lile, angalau alisikie, hata kama halitakaa.

Mama yake alikuwa ameketi nje ya nyumba, anapukuchua mahindi, mdogo kuliko alivyokuwa. Alimwona, akaangaza, akasema maneno mengi. Zuwena alipiga magoti. Maneno yalimpita kama upepo. Mama alisema tena, akatazama midomo ya binti yake ikifunguka bila kitu, akamtazama Idd.

Idd alichuchumaa kando yao. "Nimemwambia uliumwa, maneno yakakupotea," alisema. "Anasema usihuzunike. Anasema amekukosa, lakini siku hizi si mpweke. Kuna mama mmoja huja kumtembelea, saa nane mchana."

"Mama gani?"

"Sijamwona. Saa hizo sisi tuko shamba. Anasema ametoka pwani, lakini anajua Kimatumbi mpaka cha mabibi zetu, na akisema humwachi. Hata maneno ya kufukuzia ndege anayajua. Mama mwenyewe keshaanza kuyasahau."

 Jua lilikuwa limevuka vichwa vyao, saa nane imefika. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya udongo na mlango wake wazi, na ndani kulikuwa na giza la mchana.

"Idd," alisema polepole. "Mwambie aniite jina langu. Lile lake."

Idd aliinama akamwambia. Bibi kizee alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande, kama anayesikia lugha ya watu wengine. Alimtazama mwanawe wa kiume, akatabasamu kwa adabu, wala hakumjibu. Kisha alimgeukia Zuwena, akapangusa punje za mahindi mapajani, na akasema kwa Kiswahili laini, kisichokwama hata mara moja, cha wanawake wa mjini wa zamani:

"Mwache huyo kijana, simsikii asemalo. Karibu, mwanangu. Jongea hapa, ukae kitako."

"Mama hajui Kiswahili hicho," alisema Idd, akirudi nyuma hatua moja. "Dada. Mama hakijui."

Zuwena alijongea. Lilikuwa jambo la kwanza alilolielewa kutoka kwa mama yake tangu afike. Alikaa kitako juu ya mkeka, akampa mkono wake, na mama yake akaanza kuzungumza.